Bakuli Nililompa Lazaro

Alhamisi. Ukungu umelala juu ya migomba, mlima hauonekani hata kisigino, na gari la Lazaro bado liko pale getini, milango wazi, godoro ameshalilaza kiti cha nyuma. Na bakuli nimeshampa. Amelipokea, ameingia nalo ndani kwa mama yake, amerudishia mlango. Mimi nimekaa hapa kwenye kizingiti cha jiko nachambua maharage ambayo hata hayana uchafu.

Roho haitulii.

Nembris, mjukuu wangu, alisema, koko, yaani bibi, siku roho ikikusumbua bonyeza hapa kwenye simu, kwenye kadoa kekundu, uongee, mimi jioni nitaandika niweke kwenye blogu yangu, kuna watu wengi wanauguza nyumbani, wanapenda kusikia wenzao. Yeye yuko Engutoto, anafanya kazi ya kompyuta, kazi gani mtu anakaa kutwa nzima halafu anasema amechoka, mimi sijui. Haya. Nembris, andika kama ninavyosema. Shule mimi sikuiona, nilichunga ng'ombe mpaka nikaolewa, kwa hiyo usinipambie maneno yawe kama ya mchungaji.

Ngoja nisikilize huko ndani kwanza. Hapana, kimya.

Huyo aliye ndani ni Ngoto Lazaro, yaani mama yake Lazaro, sisi Waarusha ndivyo tunavyomwita mwanamke, kwa jina la mtoto. Ni mke mwenzangu. Yeye mkubwa, mimi mdogo. Mzee wetu ametangulia, jina lake silitaji, jina la mtu aliyeondoka halichezewi mdomoni. Tumebaki wajane wawili, nyumba mbili, zizi moja. Na sasa ni nyumba moja, maana alipozidiwa nilimleta kwangu. Kwangu choo kiko karibu na ukuta haupitishi upepo.

Ana kansa ya tumbo. Kule mjini walimpasua, wakaangalia, wakamshona. Daktari akasema imeshaingia kwenye ini, dawa ya kuiondoa hatuna, mpelekeni nyumbani, tutamfuata huko huko. Mimi nikasema moyoni, hiyo ndiyo lugha yao ya kufukuza mtu. Kumbe wanafuata kweli. Anakuja nesi, Sista Upendo, Mmeru wa Kikatiti, anapanda huku juu na pikipiki amekaa nyuma ya dereva, mkoba kifuani, matope mpaka magotini. Mara ya kwanza nilimwambia, sista, nyie Wameru mmezoea ndizi na joto, baridi ya huku itakuua. Akasema, "Bibi, nyie Waarusha mtaniua kwa maneno kabla ya baridi." Nikampenda hapo hapo.

Basi leo asubuhi Lazaro amekuja bila kusema anakuja. Lazaro ni mtu mzima, ana mvi, ana kitambi, ana gereji yake Daraja Mbili. Akaja mpaka nilipo, akainamisha kichwa nimguse, salamu yetu ya mtoto kwa mzazi, nikamgusa, nikamwitikia. Hasira alikuwa nayo, niliiona tangu getini, lakini kichwa alileta. Huyo mtoto alilelewa.

Akauliza, "Yeyo, amekula nini leo?"

Ananiita yeyo, mama, kama anavyomwita aliyemzaa. Nikamwambia, amekunywa maji kijiko, na kijiko kingine.

"Na jana?"

Nikamwambia, jana vile vile.

Halafu akaingia jikoni kwangu, mwanaume, akaanza kufunua sufuria moja moja. Kuna maharage ya juzi, kuna mboga, kuna maziwa. Akafunika. Akatoka, akasimama pale kwenye banda la kuku, akaniambia taratibu kabisa, bora angepiga kelele, akasema, "Chakula kipo. Mama yangu anakufa na njaa, na chakula kipo. Ndani ya nyumba ya mke mwenza."

Hilo neno.

Mtu ambaye hajaolewa mitala hawezi kujua hilo neno lina uzito gani. Mke mwenza akimuuguza mke mwenza, boma zima linahesabu vijiko. Mgonjwa akinenepa, ni Mungu. Akikonda, ni wewe. Mama Zakayo wa hapo chini amekuwa akija na supu yake kila mara, anaingia, anatazama bakuli lililo kando ya kitanda kabla hajamtazama mgonjwa. Ndiye aliyempigia Lazaro simu, mimi najua, maana hata salamu yangu jana aliipokea kwa upande wa uso.

Na nilikuwa namlisha! Mungu anaona. Alipoletwa kutoka hospitali nilimlisha kama ndama aliyekataliwa. Uji asubuhi, supu ya mbuzi mchana, jioni loshoro, yale mahindi yetu na maziwa ya mgando, ambayo kwetu mtu hawezi kuyakataa labda awe hajitaki. Akigeuza uso nafuata uso. Akifunga mdomo nabana mashavu kidogo, hivi, kama mtoto. Namwambia, kula, unataka watu waseme nimekuua? Anakula kwa ajili yangu. Usiku tumbo linajaa kama ngoma, anatapika, mimi nafuta, asubuhi tunaanza upya.

Mpaka siku ile akapaliwa. Loshoro ikaenda njia isiyo yake, akabadilika rangi, macho yakatoka, nikampiga mgongoni, nikaita watu, na hapo hapo Sista Upendo akaingia. Akamkalisha, akamwinamisha, akamsafisha mdomo kwa kidole. Akapumua.

Sista hakunigombeza. Alinawa mikono, akanawa tena, akanitoa nje, tukakaa hapa hapa kizingitini. Akaniuliza, "Bibi, ng'ombe aliyefika mwisho ukimpelekea majani anafanyaje?" Nikamwambia, anageuza kichwa. "Unamlazimisha?" Nikamwambia, sista, Ngoto Lazaro si ng'ombe. Akashika mdomo, akaona haya, akasema nisamehe bibi, huo mfano nilifundishwa niuseme kwa wafugaji. Tukacheka. Ndiyo, tulicheka, mgonjwa yuko ndani na sisi tunacheka, mtu akitaka kunihukumu anihukumu.

Ndipo akaniambia bila mfano. Akasema tumbo lake limeacha kazi. Chakula kikiingia hakiendi mahali, kinakaa, kinakuwa maumivu, au kinaingia kwenye mapafu. Akasema, "Si kwamba anaondoka kwa sababu hali chakula, bibi. Ameacha kula kwa sababu anaondoka." Akasema mpe maji kidogo akitaka, asipotaka mloweshe midomo. Asilishwe.

Unajua kumwambia mwanamke wa huku asilishe mgonjwa ni kumwambia nini? Mimi sina dawa, sina kisomo, sina ujuzi wa sindano. Kitu pekee nilicho nacho ni kijiko. Akaninyang'anya kijiko.

Nikamuuliza, sasa mimi nifanye nini, nikae nimtazame?

Akanifundisha. Akanionyesha kumgeuza, ubavu huu, halafu ubavu huu, mto katikati ya magoti ili mfupa usisage mfupa, unashika chini ya bega na chini ya nyonga, huvuti mkono hata siku moja. Kumpaka mafuta mgongoni kabla ngozi haijachanika. Kitambaa laini, maji ya uvuguvugu, unapitisha ndani ya mashavu, kwenye fizi, juu ya ulimi. Na dawa ya maumivu, mofini, ile ya maji, inatolewa kwa saa, mgonjwa alie asilie. Nembris ameitega simu hii iwe inalia muda wa dawa, inalia kama jogoo aliyekabwa.

Maana Ngoto Lazaro halii. Huyo alizaa watoto wote wale kwenye nyumba ya udongo na mkunga akawa anamuuliza, uko macho? Sista anamwambia nionyeshe kwa vidole maumivu ni mengi kiasi gani, yeye anainua viwili. Siku zote viwili, hata siku jasho linamtoka. Sista akawa anamfunua miguu anatazama vidole vya miguu. Vikiwa vimejikunja, anaandika namba nyingine kabisa, anaongeza dawa. Nikamwambia, sista wewe ni mchawi. Akasema, "Mdomo wake umefundishwa, bibi. Miguu haikwenda unyagoni."

Ngoja.

Pikipiki hiyo.

Hapana, ni mtu wa maziwa. Nilimpigia Sista Upendo tangu Lazaro alipofunua sufuria ya kwanza, akasema yuko kwa mgonjwa mwingine bondeni, akimaliza anakuja, tumsubiri, asiondolewe. Lakini Lazaro atasubiri? Amekuja na godoro. Anasema anampeleka hospitali kubwa, wamwekee mpira wa puani, chakula kipite huko mpaka tumboni. Amekwisha ongea na mtu wa kumpokea. Anasema, "Mimi ndiye mtoto wa kwanza. Hakuna mtu wa kuniambia mama yangu afe na njaa."

Na ni kweli. Ndiye wa kwanza. Mimi ni nani?

Lakini mimi ninalo neno la mama yake, na ndilo linanichoma kifuani kama kaa la moto. Mchana mmoja wiki hii alikuwa na akili zake zote, jua lilikuwa limetoka, nilimfungulia dirisha. Akaniambia, "Wasinipeleke tena kule chini. Nimechoka kufunuliwa na watoto." Alikuwa anasema madaktari. Akasema anataka kusikia ng'ombe wakirudi. Nikamwambia basi mwambie Lazaro mwenyewe, mwanao atakusikiliza. Akanitazama kama nimekuwa mwendawazimu. Akasema, "Nimtamkie kifo changu mwanangu wa kwanza? Nimlaani?"

Kwetu ndivyo ilivyo. Mama hasemi habari za kuondoka kwake mbele ya kifungua mimba. Ni kama kumwekea mzigo mgongoni ambao hatautua maisha yake yote. Anaweza kumwambia dada yake, anaweza kumwambia mkwe. Lakini dada zake wameisha, mkwe yuko mjini. Amebaki na mimi. Akaliweka neno lake kwenye mdomo ambao ndio mdomo wa mwisho mwanawe atauamini. Mdomo wa mke mwenza. Nikimwambia Lazaro, mama yako amesema asipelekwe hospitali, atasikia nini? Atasikia kwamba nimemnyima chakula na sasa namnyima na daktari.

Nilimwambia hivyo hivyo. Nilimwambia asubuhi hii pale bandani, Lazaro, mama yako hataki kwenda. Akacheka, kile kicheko kisicho na meno. Akasema, "Yeye mwenyewe aniambie."

Haya sasa. Yeye hawezi kusema, huyu hawezi kusikia, na mimi niko katikati nimeshika maharage.

Nikataka kumwambia maneno ya sista, yale ya kuondoka na kula. Yakanikimbia. Nilikuwa nayo jana, nilikuwa nayasema peke yangu nikikamua, na leo ulimi ukayageuza, nikasema haondoki kwa sababu anakula, nikasema anakula kwa sababu haondoki, nikasikia mwenyewe ni upuuzi. Lazaro akageuka kwenda kuchukua blanketi ndani ya gari.

Hapo ndipo nilipofanya nilichofanya.

Nilirudi jikoni. Nikachukua loshoro, nikaikoroga na maziwa ikawa nyepesi, nikaichuja maganda ya mahindi, nikaipasha kidogo tu. Nikaweka kwenye bakuli jeupe lile la wageni. Nikamfuata na kijiko. Nikamwambia, "Kama ni mimi ninayemnyima, chukua. Mlishe wewe. Mkono ni wako na mama ni wako."

Akachukua. Akanitazama machoni, akachukua, akaingia.

Na mimi tangu hapo nimekaa hapa nasikiliza kama atakohoa.

Nitasema ukweli, Nembris uuandike usiufiche. Sikumpa lile bakuli ili mama yake apone. Nilijua. Nilishamwona akipaliwa kwa mikono yangu hii. Nilimpa ili Lazaro aone, ili jina langu lisafishwe, ili Mama Zakayo akose la kusema. Nimeliweka jina langu mbele ya koo la mgonjwa. Nilipoona mlango umerudishwa ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Nikiingia sasa nikamnyang'anya, ndiyo nimethibitisha. Nisipoingia na akapaliwa, je?

Hakohoi.

Nasikia kijiko. Kijiko kinagonga bakuli, halafu kimya. Sauti ya Lazaro, chini chini, anasema naye Kimaa, kile cha kubembelezea watoto. Sijamsikia akiongea hivyo tangu akiwa mdogo anaogopa radi.

Kimya tena.

Mtu atauliza, wewe koko, kwani unampenda sana huyo mke mwenzako? Mimi sijui. Tumeishi. Nililetwa hapa nikiwa msichana, yeye ana watoto tayari, akanipa mtamba mmoja kama desturi, na akanipa pia jicho ambalo sikulisahau. Tuligombana kwa kila kitu ambacho watu wanaweza kugombania kwenye zizi moja. Kuna wakati hatukusemeshana kabisa, miaka, tukawa tunaongea kwa kupitia ng'ombe. Mimi nakamua huku, yeye kule, anamwambia ng'ombe wake, "Wewe tulia, usiwe kama watu wanaoacha geti wazi." Nami namwambia wa kwangu, "Kula mama, usijali majani ya jirani, hata wenyewe wameiba." Ng'ombe wetu walikuwa wanajua matusi yote ya boma hili. Siku moja mzee akasimama katikati akasema, nyie wanawake, mnawachosha hawa wanyama, maziwa yatakata. Tukaangua kicheko wote wawili, kila mtu nyuma ya ng'ombe wake, tusionane.

Jana nilipokuwa nakamua nikasema kitu kwa sauti, kuhusu mtu ambaye amelala tu wakati wenzake wanafanya kazi. Nikasubiri. Nikasubiri kweli, kama mjinga, ndoo mkononi.

Sista Upendo aliniambia, bibi, wewe umeshaanza kuomboleza. Nikamwambia usiniletee uchuro, mtu anapumua. Akasema ndiyo anapumua, lakini wewe hulali, hukumbuki ulipoweka chumvi, unalia ukichota maji. Akasema msiba hausubiri turubai lifungwe uani, unaanza mapema, na hasa kwa anayeuguza. Akanishika mkono, akaniuliza, nani anakuuguza wewe? Nikasema mimi siumwi. Akasema nimekuuliza nani. Tangu hapo akija anampima yeye, halafu anakaa na mimi tunakunywa chai, simu yake inaita, haipokei mpaka kikombe kiishe. Nilidhani ni uvivu. Siku hizi naona ile ndiyo dawa aliyoniandikia.

Watu wanasema mjane akifiwa na mke mwenza amepumzika. Apumzike na nini? Kila mtu aliyenijua nikiwa na meno yote ameshakwenda. Huyu ndiye amebaki anayejua nilivyokuja na sanduku la bati, nilivyolia wiki nzima, nilivyounguza loshoro ya kwanza. Akienda yeye, mimi nitakuwa mdogo wa nani?

Mlango.

Ametoka.

Nasema pole pole asinisikie. Ametoka na bakuli. Limejaa. Limejaa vile vile nilivyompa. Amesimama pale bandani, kuku wamemzunguka wanadhani ni mchele, hajui aliweke wapi. Lile jitu lote, na mafuta ya magari kwenye kucha, ameshika bakuli kwa mikono miwili kama mtoto aliyetumwa kwa watu asiowajua.

Hajapaliwa. Mungu, asante. Hajapaliwa.

Anakuja huku. Ngoja niiweke simu chini.

Haya. Nimerudi. Ameingia tena ndani.

Alikuja akakaa kwenye kigoda hapo, akaliweka bakuli chini katikati yetu. Alikaa muda. Mimi sikusema, na wewe Nembris unanijua, kunyamaza kwangu ni kazi kubwa kuliko kulima. Akasema, "Amefunga mdomo. Hata mimi amenifungia."

Akasema, "Nilimwambia, mama, ni mimi. Akafungua macho, akanijua, amenijua kabisa, akanigusa kichwa. Nikasogeza kijiko, akafunga mdomo. Akanigusa tena kichwa." Akaweka kiganja chake pale utosini, mwenyewe, kama anaangalia kama bado kuna joto la mkono. Halafu uso ukamvunjika. Nikatazama maharage. Mwanaume wa kwetu akivunjika uso hutazami, ni heshima, unamwachia uwanja.

Alipomaliza akafuta kwa mkono wa shati. Akaniuliza kitu ambacho nilikiuliza mimi hapa hapa. Akasema, "Yeyo, sasa kama halishwi, mtu anafanya nini?"

Sikumkumbusha maneno ya asubuhi. Yalikuja mpaka kwenye meno, sitadanganya. Yalikuwa matamu. Nikayameza.

Nikamwonyesha kikombe, nikamwonyesha kitambaa, kile laini nilichokata kwenye kanga yangu. Nikamwambia lowesha, kamua, pitisha midomoni, halafu ndani ya shavu, taratibu. Akikibana kwa midomo mwache akinyonye, ndivyo anavyokunywa. Akanitazama kama nimempa kazi ya mtoto mdogo, lakini akachukua. Akaingia.

Loshoro wamekula kuku. Bakuli la wageni!

Sasa mimi bado sijui. Godoro bado liko kwenye gari, milango bado wazi, ukungu unaingia mle unalowesha viti na yeye ndiye mtu asiyependa gari lake lilowe. Hajasema anaenda, hajasema anabaki. Mimi sijamuuliza. Nikimuuliza nitasikika kama namfukuza, nisipomuuliza nakaa hivi. Natoka getini, narudi. Nimewasha moto, nimeuzima. Sista hajafika. Na hata akikubali huyu, Jumapili watakuja wale wengine baada ya ibada, mabinti, wakwe, kila mmoja na chupa yake ya supu, nianze upya kueleza, na mimi yale maneno ya sista yananikimbia. Nitamwambia ayaandike? Nitayasomaje. Labda Lazaro atayasema. Kwake yatasikika.

Labda.

Au labda amekubali kumlowesha midomo tu, halafu saa hii anamfunga blanketi ambebe. Mtoto anaweza kulia na bado akapakia. Nimeshaona watu wakilia huku wanapakia.

Kuna kitu kinaburuzwa mle ndani. Kiti? Kitanda? Anaburuza nini huyu?

"Yeyo!"

Ananiita.

"Yeyo, njoo! Anataka kugeukia ukutani, sijui nimshike wapi!"

Usimvute mkono! Lazaro! Chini ya bega, chini ya bega na nyonga, usivute! Subiri, naja.